Mama Anakataa Kusema Abbé

Asubuhi iliyofuata upadirisho wa mdogo wangu, uwanja wetu wa Butembo ulikuwa bado unanuka kuku wa kukaanga na kasikisi, pombe yetu ya ndizi. Mahema hayakuwa yameshushwa. Viti vya kukodi vilikuwa vimelala ubavu kwenye majani yenye umande, na Mama alikuwa anafagia huku bado amevaa kitenge cha sikukuu, maana alisema hawezi kukivua kabla majirani wote wa upande wa chini hawajakiona. Ndipo katekista wa mtaa wetu akaingia na neno lake.

Katekista huyo ndiye aliyekuwa ameongoza sherehe nzima jana yake, na sauti yake ilikuwa imekauka kama mtu aliyemeza vumbi la barabara. Hata hivyo akatukusanya wote, Mama, mimi dada mkubwa, shangazi na majirani waliokuja kuosha sufuria, akasimama wima.

“Ndugu, kuanzia leo hakuna mutu wa kumuita kwa jina. Lile jina la nyumbani, lenye kuonyesha alizaliwa wa ngapi, tunaliweka pembeni. Yeye sasa ni Abbé. Hata mama yake atamuita Abbé.”

Mama akasimamisha ufagio.

“Abbé ni kusema nini?”

“Ni kusema baba.”

“Baba ya nani?”

“Baba yetu siye bote.”

“Na miye?”

“Na weye, mama.”

Mama akageuka polepole kumtazama mdogo wangu. Wakati huo Abbé mwenyewe alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, amevaa singileti, anakwangua sombe, yale majani ya muhogo ya jana, kutoka chini ya sufuria kwa vidole.

“Ule?” Mama akauliza. “Ule ndiye baba yangu?”

Mdogo wangu akaacha kutafuna. Shangazi akaingia jikoni haraka, na tukamsikia akicheka humo ndani na kujifanya anakohoa.

Mtu asidhani Mama alikuwa na dharau kwa kanisa. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka kwa misa ya alfajiri hata ile baridi ya Butembo ikiwa imekaa juu ya vilima kama blanketi lenye maji. Yeye ndiye aliyebeba vitunguu vya majani na viazi kutoka shamba letu la Kalunguta mpaka seminari, mwaka baada ya mwaka, ili wamlishe mtoto wake vizuri. Siku askofu alipomwekea mikono kichwani, vigelegele vya Mama vilisikika mpaka Rughenda, au ndivyo walivyosema watu wa Rughenda. Upadri wa mwanawe aliutaka sana. Neno tu ndilo lililomkwama.

Basi akaanza kuishi bila kumwita kitu chochote. Kwa jina la nyumbani hakuweza, maana katekista alikuwa anasikia kila kitu. Kwa neno jipya hakutaka. Kwenye simu alianza na “Allô, ni miye,” kisha akaingia moja kwa moja kwenye habari za maharagi. Mbele ya wageni aliuliza, “Mwenyewe eko wapi?” Akitaka kumtaja kwa watu alisema “kijana yetu wa kanisani,” na wengi wakadhani anamsema mpiga ngoma wa kwaya.

Siku ya misa ya kwanza mtaani, watu walipanga foleni kupokea baraka ya padri mpya. Kila mmoja alipiga magoti, akabarikiwa, akasema, “Asante, Abbé.” Mama alipofika akapiga magoti vizuri kabisa, macho amefunga. Akabarikiwa. Akasimama, akapangusa magoti, akasema:

“Asante. Umekula?”

Foleni yote ikaangua kicheko. Katekista akatikisa kichwa chake mpaka nikaogopa kitatoka.

Mtu aliyefurahi kuliko wote ni mume wangu. Mimi niliolewa Beni, na mume wangu ni Mprotestanti wa kuzaliwa, mwalimu wa shule, na mzee wa kanisa lao. Kwa miaka mingi yeye na Mama walikuwa wanabishana juu ya dini kwa heshima kubwa, kama watu wanaocheza karata bila kutaka mchezo uishe. Mama alipokuja kutusalimia Beni, mume wangu alimngoja akiwa tayari.

“Mama, uko na haki,” akamwambia, hata kabla hajamaliza chai. “Yesu mwenyewe alikataza kumuita mutu baba hapa duniani. Siye kwetu hatufanye vile. Kuya tu kwetu, nafasi iko.”

Mama akaweka kikombe chini. “Asante, mukwe wangu. Na nyinyi kiongozi yenu munamuita nani?”

“Pasteur.”

“Ni kusema nini?”

“Muchungaji. Ni Kifaransa, na Wafaransa walilitoa ku Kilatini. Ni mutu mwenye kuchunga kondoo.”

“Na yeye anabachunga nyinyi?”

“Ndiyo, mama.”

“Donc, ni kusema weye, mwalimu mwenye diplome, uko kondoo.”

Mume wangu akasogeza kikombe chake. “Ni kondoo wa kiroho, mama.”

“Kondoo wa kiroho analia namuna gani?” Mama akauliza, kwa uso wa mtu anayetaka kweli kujua.

Nilichukua birika nikaenda jikoni kulijaza, ingawa lilikuwa limejaa. Niliporudi mume wangu alikuwa anazungumza habari za kakao.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa ametumwa kuwa vikari, msaidizi wa paroko, kwenye parokia moja upande wa Oicha, pale mashamba ya kakao yanapoanza kuchanganyika na pori. Mama akasema kwa kuwa amefika Beni, hawezi kurudi Butembo bila kumwona. Asubuhi barabara ilipoonekana tulivu, tukaenda, mimi na yeye, pamoja na kuku mmoja aliyefungwa miguu na mfuko wa maharagi mapya.

Parokia ilikuwa imejaa watu. Vyumba vya shule vilikuwa vimegeuka nyumba za waliokimbia vita vijijini mwao, nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye madirisha, na moshi wa majiko ulitoka kila pembe. Kwa hiyo mlinzi wa lango la nyumba ya mapadri alikuwa na amri ya kutofungulia mtu asiyejieleza. Alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye buti za mvua na koti lililofungwa vifungo mpaka shingoni, katika joto lile.

“Munatafuta nani?”

“Natafuta mutoto yangu,” akasema Mama.

“Eko wa kiasi gani?”

Mama akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe. “Mrefu. Ananipita.”

“Mama, batoto ya kupotea tunabaweka kule ku masomo. Huku ni kwa ba Abbé.”

“Ndiyo. Eko mumoja yao.”

“Mumoja ya banani?”

“Ya hao.”

“Hao gani?”

“Hao wenye umesema sasa hivi.”

Mlinzi akanitazama kuomba msaada. Nakiri kwamba nilitaka kuona Mama atafika wapi.

“Mama,” akasema mlinzi, sasa polepole kama anayezungumza na mgonjwa, “huku kuko ba Abbé batatu. Sema tu, natafuta Abbé fulani. Miye nafungua. Ni ile tu.”

Mama akahamisha kuku kutoka mkono huu kwenda ule. Akafikiri. Akagusa juu ya jicho lake la kushoto. “Ni ule mwenye kovu hapa. Alianguka mu muavokado ya jirani, alikuwa anaiba.”

Mlinzi akarudi nyuma. “Mama! Abbé yetu hawezi kuiba avokado!”

“Aliiba. Na kisha akalia. Miye ndiye nilimupaka dawa.”

“Hapana! Hapana, mama, usiseme vile hapa!”

Mdogo wangu akatokea nyuma yake, amevaa kandambili, nyundo mkononi, kichwa kimejaa vumbi la mbao. Alikuwa ametoka kupigilia mabati kwenye chumba kimoja cha shule kilichokuwa kinavuja. “Mama! Yaya!” Yaya ni mimi, dada yake mkubwa.

Mlinzi akageuka, bado amekasirika kwa niaba yake. “Abbé, huyu mama anasema uliiba avokado.”

“Zilikuwa zimeiva,” mdogo wangu akajibu, akafungua lango mwenyewe.

Tulikula pamoja na paroko, mzee mwenye tumbo la heri na kicheko kilichotangulia maneno yake. Alikuwa mtu wa kupenda maneno jinsi wengine wanavyopenda ndizi mbivu. Mlinzi alikuwa ameshamsimulia mambo ya langoni, naye hakutaka chakula kipoe kabla hajayasikia kwa Mama mwenyewe. Mama akaeleza shida yake bila aibu: kwamba yeye alimzaa mtu huyu, alimnyonyesha, alimfunga nepi, na sasa anaambiwa ni baba yake.

Paroko akapangusa mikono. “Mama, ile neno ilitembea mbali sana mbele ya kufika Butembo. Ilianzia kule kwa Yesu, mu luga yao ya nyumbani. Mutoto alikuwa anaita baba yake abba. Kisha kukakuwa wazee ba kuishi mu jangwa, Misri na Siria, benye kusali na kufunga. Batu bakakuwa banaenda kwao kutafuta shauri, wanabaita abba, ju benyewe balikuwa kama wazazi.”

“Balikuwa wazee,” Mama akasisitiza.

“Wazee kabisa. Kisha Bagiriki bakaichukua, bakaongeza s ku mwisho. Roma ikaichukua kwa Bagiriki. Mukubwa wa monasteri akaitwa vile. Wafaransa nabo bakaikata mukia, ikakuwa abbé, na bakaanza kumupa kila padri, hata kijana asiye na ndevu.” Akamwelekeza mdogo wangu kijiko. “Bamisionere balipofika kwetu, benyewe tuliwaita Père, ju balikuwa ba mashirika yao. Padri wa kuzaliwa hapa, wa jimbo, akaitwa Abbé. Mais yote ni neno moja. Hata padiri, ile ni Kireno, ni kusema baba.”

“Na Papa wa Roma?”

“Baba.”

“Na Monseigneur?”

“Ah, ile ni bwana wangu. Askofu, ile ilitoka kwa Bagiriki, ikapita kwa Baarabu: ni mwangalizi, mwenye kukagua kazi.”

“Na weye, mwenye tunaita Curé?”

“Miye ni mwenye kutunza. Nafanana na mulinzi, mais bila koti.”

Mama akatafuna kwa muda. “Donc kanisa yote imejaa ba baba,” akasema, “na anayepika ni mama.” Paroko alicheka mpaka akashika meza. Mama hakucheka. Na neno hakulisema.

Mvua ya mchana ikaanguka. Mimi na Mama tukakaa chini ya paa la jiko, tukichambua maharagi ili tusionekane wageni wa bure. Nikamwambia: “Mama, sasa umeelewa maana yake. Kimebaki nini?”

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kuniangalia: “Mu nyumba yetu kulikuwa mutu mumoja tu wa kuitwa tata. Alikufa, huyu akiwa hajaanza hata kutembea. Hakupata kumuita hata siku moja. Na sasa miye nichukue ile neno, nimuvalishe mutoto kama shati ya marehemu?”

Tata ndivyo tunavyosema baba kwa Kinande, na nyumbani kwetu neno lile lilikuwa halijasemwa kwa sauti miaka mingi. Mimi nilikuwa nimelisema nikiwa mtoto. Mdogo wangu hakuwahi. Nilikuwa nimemcheka Mama miezi yote ile, juu ya foleni, juu ya kijana wa kanisani, na kumbe alikuwa analinda kiti cha mtu.

Mvua ilipopungua, kikongwe mmoja akavuka uwanja kutoka upande wa shule, amejifunika karatasi ya plastiki kichwani. Alikuwa mkubwa kwa Mama, mgongo umepinda, miguu mitupu kwenye matope. Alikuwa amekimbia kutoka kijiji cha ndani zaidi ya Oicha, na huko alikuwa amewazika watu wake. Mdogo wangu alipotoka mlangoni, kikongwe akamshika mikono yote miwili.

“Tata,” akamwambia kwa Kinande, “leo mvua haikutupata.”

Mdogo wangu akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule bibi, akamwuliza habari za mguu wake. Mguu ulikuwa na nafuu. Wakasema juu ya mabati, juu ya misumari ambayo haikutosha, juu ya mjukuu mwenye kikohozi. Kisha akaitwa ndani, na kikongwe akabaki amesimama karibu na jiko letu, akikung'uta plastiki yake.

Mama akampisha kwenye benchi, akamwita koko, yaani nyanya. “Koko, kaa. Nikuulize kitu, usikasirike. Ule kijana angeweza kuwa mujukuu yako. Ju ya nini unamuita tata? Nani alikuambia umuite vile?”

Kikongwe akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

“Hakuna mwenye aliniambia. Sina tena mutu wa kuita. Huyu nikiita, anaitika.”

Akachukua kiganja cha maharagi kutoka kwenye ungo, akaanza kuchambua pamoja nasi. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi wote. Tulipomaliza, Mama alimfungia yule bibi sehemu nzuri ya maharagi kwenye kitambaa, na kuku pia, yule aliyekuwa wa mapadri, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Jioni ilikuwa bado mbali tulipojiandaa kurudi Beni. Mdogo wangu alikuwa ameitwa kwa mgonjwa, na pikipiki ilikuwa inanguruma mbele ya lango. Alikuwa amevaa stola, amebeba mafuta matakatifu, na amesahau koti, na mawingu meusi yalikuwa yamerudi juu ya kakao. Aliondoka. Alikuwa ameshapita lango Mama aliposimama na kupaza sauti, sauti ile ya kuita mtu kutoka kilima hiki mpaka kile:

“Papa! Papa, koti!”

Pikipiki ikasimama. Mdogo wangu akageuka, akarudi kwa miguu, akanyoosha mikono nyuma kama mtoto wa shule, na Mama akamvalisha, akamfunga vifungo mpaka shingoni kama vya mlinzi. Akaondoka tena.

Paroko alikuwa barazani, ameona yote. “Mama, umemuita nani?”

“Nimeita mwenye kusahau koti.”

“Nimesikia papa.”

Mama akanigeukia. Nikashindwa kujizuia. “Mama, si ndivyo ulikuwa unamuita siku zote akiwa mudogo? Papa, kuya kunawa. Papa, shuka mu ule muti.”

Na ni kweli. Kwetu kila mama anamwita hivyo mtoto wa kiume akimbembeleza, na hakuna anayefikiri juu yake, kama vile mtu hafikiri juu ya kupumua. Mama alikuwa amemwita mtoto wake baba tangu alipokuwa ananyonya.

Akasimama pale, mkono kiunoni. “Ile ni neno ya kubembeleza,” akasema.

“Na abba nayo,” akasema paroko. “Ilianza mu nyumba, kwa mutoto na muzazi yake.”

Mama akatazama barabara ambako moshi wa pikipiki ulikuwa unaisha. “Donc ikazunguka kwa Bagiriki, na Roma, na Wafaransa,” akasema, “na huku miye nilikuwa nayo mu jiko tu.”

Tangu siku ile anamwita Abbé mbele ya watu na Papa nyumbani, na akimkasirikia anachanganya yote mawili. Hakuwahi kueleza alivyoelewana na moyo wake juu ya kile kiti, na mimi sikumwuliza. Ila mambo hayakuishia hapo, maana siku moja kwetu Beni mume wangu alimtaja mke wa mchungaji wao kama Mama Pasteur, na Mama akaweka kikombe chini.

“Bibi ya pasteur ni Mama Pasteur?”

“Ndiyo, mama, ni heshima.”

“Basi miye niko Mama Abbé. Na Abbé ni kusema baba. Donc miye ni mama ya baba yenu.” Akatuangalia mmoja mmoja, mimi, mume wangu na watoto. “Miye ni koko ya parokia nzima.”

“Wakatoliki tu,” mume wangu akajitetea.

“Kondoo nabo niko nabo,” Mama akamjibu.

Sasa mdogo wangu amehamishiwa Butembo, na Mama anakaa benchi la mbele bila mtu kumwekea. Jumapili iliyopita nilikuwa huko. Baada ya misa watu walimzunguka Abbé mlangoni, wengine kwa baraka, wengine kwa ubatizo wa watoto, na Mama akangoja kwa adabu mpaka wote wakaisha.

“Abbé,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Mahubiri ilikuwa murefu. Batu ya Kalunguta beko na njia ya kurudi.”

“Nitafupisha, mama.”

“Na ile habari ya mutu mwenye alipanda mahindi, uliianza, kisha ukaenda kwa mambo ya roho. Alivuna ao hakuvuna?”

Mdogo wangu akafikiri kidogo. “Alivuna.”

“Ungesema,” akamwambia Mama, akamnyoosha kola. “Siye bote tulibaki tunangoja.”